Mwanga Ulikuwaje?

Jioni niliyoibiwa kuku nilikwenda kwa jirani yangu kabla ya kwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Mwizi nilikuwa nimemwona kwa macho yangu mawili, jina lake nilikuwa nalo mdomoni, na kwake nilitaka kitu kimoja tu: apige kelele pamoja nami. Badala yake alinivutia kigoda, akakaa mbele yangu, akaweka viganja juu ya magoti na kuniuliza, "Mwanga ulikuwaje?"

"Mwanga gani tena, Mama? Nimeibiwa kuku!"

"Nimesikia. Jua lilikuwa limezama au bado? Taa ya nje ilikuwa inawaka? Wewe ulikuwa umbali gani? Ulimtazama kwa muda gani? Na huyo mtu mlikuwa mnafahamiana kabla ya leo?"

Nikaanza kujibu kwa kujiamini. Nilipofika kwenye swali la umbali nilikuwa nimeshagundua kwamba nilichokiona ni mgongo na kofia, na kofia za namna ile zilikuwa zimejaa mtaa wetu mzima wa Pasiansi. Nikarudi nyumbani nimenuna. Siku nyingi baadaye kuku akajitokeza mwenyewe kutoka kwenye mawe nyuma ya nyumba, vifaranga wakimfuata. Kijana niliyetaka kumtaja, mama yake tunaimba naye kwaya moja, na kila nikimwona kwenye safu ya sauti ya pili namshukuru Mungu kwamba siku ile nilihojiwa kwanza.

Mtaani tulimwita Mzee wa Baraza. Kuwa mwanamke hakukubadilisha kitu, maana hicho ndicho cheo alichokuwa nacho katika mahakama ya mwanzo, ambako kwa miaka mingi alikaa pembeni ya hakimu akisikiliza kesi za mbuzi, za mipaka, za ngumi na za nyavu zilizopotea, na mwisho akatoa maoni yake. Alizaliwa wapi, ukoo gani, alisoma mpaka darasa la ngapi, hayo yatasomwa msibani siku yake ikifika, na yatasomwa vibaya kama kawaida, na mtu aliyekabidhiwa karatasi dakika hiyo hiyo. Mimi nataka kueleza alivyokuwa akitazama filamu.

Alitazama filamu za uhalifu tu. Za mapenzi hakuzitaka. "Kesi za ndoa nimezisikiliza vya kutosha," alisema, "na zote zinaisha kwa mtu kudai masufuria." Za vita aliziona kelele. Lakini mpe maiti sebuleni, mpelelezi mwenye koti na watu watano wanaosema walikuwa wamelala, hapo alikaa wima na uso ukamng'aa. Alipostaafu alikosa kesi kama mtu mwingine anavyokosa chai, akazipata humo.

Kila Jumamosi mchana, nguo zikishaanikwa, alifunga mapazia na sisi tukaingia. Hatukuwa wengi. Alikuwepo Baba Neema, fundi wa injini za boti mwenye asili ya Musoma, mtu wa sauti kubwa kwa sababu ya kazi yake. Alikuwepo Mama Kulwa wa nyumba ya tatu, ambaye katika miaka yote hiyo hakuwahi kumtia hatiani mwanamke hata mmoja, hata yule aliyekamatwa na bastola mkononi. Na nilikuwepo mimi. Kazi yangu ni kupiga video za harusi, sendofu na kipaimara, kwa hiyo kwake nilikuwa "wewe wa harusi," na pia nilikuwa mtu wa kulaumiwa kwa kila kosa lililofanywa na kamera yoyote duniani.

TV aliiweka pembeni, karibu na kona, wakati watu wengine huiweka katikati ya ukuta. "Hapo ndipo shahidi anaposimama," alieleza, na hakutaka mjadala. Kulikuwa na sheria. Michembe ililiwa, kwa kuwa Mama Kulwa hakuweza kukaa bila michembe na karanga, lakini haikutafunwa mtu akiongea kwenye filamu. Ilibidi uimumunye mpaka wanyamaze, na anayejua ugumu wa kiazi kilichokauka anaelewa hiyo ni adhabu gani. Ndege ikipaa kutoka uwanjani na kutikisa mabati, filamu ilisimamishwa hadi ipotee juu ya ziwa, kwa sababu ushahidi uliosikika nusu haupokelewi. Na kabla muuaji hajatajwa, Mzee wa Baraza alibonyeza rimoti, picha ikaganda, kila mmoja akatoa maoni.

"Aanze mdogo," alisema kila mara. "Mkubwa akianza, wadogo wanameza maneno yake na kuyatapika kama yao."

Kwa hiyo nilianza mimi, akafuata Mama Kulwa, akafuata Baba Neema aliyekuwa ameshapiga kelele jina la muuaji tangu mwanzo, na yeye alimalizia. Alikuwa hakosei sana. Akikosea alikubali, ila alimkemea mwongozaji kwa muda wa kutosha chai kuchemka.

Msingi wa mambo yake ulikuwa huu: kamera ni shahidi, na shahidi anahojiwa. Sisi wengine tulitazama watu walio ndani ya picha. Yeye alitazama picha imetoka wapi. "Hapa tumesimama wapi?" aliuliza ghafla, na Baba Neema akajibu, "Tumekaa, Mama, kwenye kochi," naye akampuuza. Siku moja muuaji alikuwa peke yake chumbani, akilia, uso umejaa kioo kizima mpaka vinyweleo vya pua vinahesabika. Mimi nilikuwa nimeguswa kabisa. Mzee wa Baraza akasema, "Mtu aliyemkaribia namna hii angesikika akipumua. Nani huyu amemvamia mwenzake akiwa anatubu?" Tangu hapo sijaweza kumtazama mtu analia kwenye filamu bila kuona aibu kidogo, kana kwamba nimechungulia bafuni.

Picha za kamera inayobebwa mkononi, zile zinazotikisika mpelelezi akikimbia vichochoroni, hakuzikubali hata kidogo. Baba Neema alizipenda, alisema zinamfanya ajione naye anakimbia. "Ndiyo," alijibu Mzee wa Baraza, "na mtu anayekimbia ataniambia aliona nini? Ataniambia alichoka." Picha zinazopigwa kutoka angani zilipoingia kwenye kila filamu, gari la wezi likionekana dogo kati ya mashamba, alitikisa kichwa. "Huko juu anakaa Mungu peke yake, na Mungu hajawahi kuja mahakamani kutoa ushahidi. Angekuja, tungekuwa tunamaliza mapema." Kamera za ulinzi ndizo alizoziogopa. Kuna filamu nzima iliyosimuliwa kwa kamera za dukani, picha za kijivu, watu wanaingia na kutoka bila sauti. Sisi tulisinzia. Yeye alitoka jasho. Nilipomuuliza, alisema shahidi yule hapepesi macho, hajui kwamba anaona, na hujui umuulize nini.

Naomba msidhani alikuwa mtakatifu wa haki. Alihubiri kusikiliza pande zote, halafu alimchukia papo hapo mshukiwa yeyote aliyekula wakati anahojiwa. "Asiye na hatia hashibi mbele ya polisi," alisema, na mtu huyo alikuwa amekwisha, hata angeleta malaika wawili kumtetea. Alisema hapendi damu, lakini ikimwagika alisogea mbele. Na walipofungwa, aliwalilia. Wauaji kabisa, watu waliochinja wenzao kwa sababu ya urithi, pingu zikishafungwa tu Mzee wa Baraza alitafuta ncha ya kitenge. "Ana mama huyu," alisema. Mama Kulwa alimwambia, "Hata aliyeuawa alikuwa na mama," naye akajibu kwamba huyo alishaliliwa na watu wengi mwanzoni, wakati sisi bado tunatafuta pa kukaa.

Tulianza na TV ya chogo, ile yenye mgongo mnene. Picha yake ilikuwa na chengachenga, nyekundu yake ilivuja nje ya mipaka, na usiku wa ndani ya filamu ulikuwa uji wa bluu. Mzee wa Baraza aliusakama usiku ule. "Kivuli kikali namna hii, mwezi uko wapi?" Alikuwa sahihi, zamani walipiga mchana na kuipaka picha rangi ya usiku, kwa kuwa kamera zao hazikuona gizani. Lakini niseme ukweli, tuliogopa zaidi wakati ule. Muuaji akiwa ni doa tu kwenye mlango, kila mmoja wetu alimvisha sura ya mtu anayemwogopa mwenyewe.

Kisha binti yake, anayefundisha shule ng'ambo ya ziwa, huko Kamanga, akamletea TV kubwa ya flati. Tulikaa mbele yake kama wageni waalikwa. Filamu ya kwanza ikaanza, na tukaona kila kitu: mstari wa wigi kwenye paji la uso wa mjane, poda shingoni mwa jaji, damu ambayo ilikuwa wazi kabisa ni rangi. Baba Neema akacheka maiti ilipopumua. Na bado kulikuwa na kitu kingine kibaya ambacho hatukukielewa. Watu walitembea kwa ulaini wa ajabu, karibu mno, kana kwamba wako chumbani mwetu wamevaa nguo za kuazima.

Mzee wa Baraza ndiye aliyekitaja. Alinigeukia na kusema, "Wewe wa harusi, mbona huyu muuaji anaonekana kama bwana harusi wako?"

Nilitaka kukasirika, halafu nikaona ni kweli. Zile flati zinakuja na kitu ndani ya mipangilio kinacholainisha mwendo wa picha, na matokeo yake filamu nzito inageuka na kufanana na video zangu za ukumbini, keki ikiletwa. Nilichukua rimoti, nikatafuta, nikakizima. Mwendo ukarudi mzito kidogo, kama wa filamu, na muuaji akarudi kuwa muuaji. Mzee wa Baraza akashusha pumzi. "Afadhali," alisema. "Nilikuwa nasubiri mshereheshaji atuambie tusimame." Kazi zangu zote tangu siku hiyo naziona kwa jicho jingine, na sijui kama nimshukuru au nimdai.

Miaka ikaenda, filamu zikaanza kuwa nyeusi. Nilimweleza sababu, maana hilo lilikuwa eneo langu: kamera za siku hizi zinaona kwa mwanga wa kiberiti, kwa hiyo waongozaji hawawashi tena taa kubwa, wanajivunia giza lao. Alifikiri kidogo. "Sawa, kamera inaona," alisema. "Na sisi je?"

Hapo ndipo kosa letu lilipoanzia. Jumamosi moja, filamu ikiwa ndiyo kwanza imeingia ndani ya ghala, alisema, "Giza hili ni balaa." Tukasema, kweli Mama, giza. Na lilikuwepo giza, hatukudanganya. Jumamosi iliyofuata akasema tena, tukakubali tena. Baba Neema akasema ni umeme mdogo, akaleta kifaa cha kurekebisha umeme kutoka karakana yake. Mama Kulwa akasema ni mwanga unaopenya madirishani, akaja na mablanketi mawili mazito tukayatundika juu ya mapazia, tukawa tunatazama filamu huku jasho linatutoka. Mimi nilifuta kioo kwa kitambaa cha lenzi zangu. Mwisho nikaingia kwenye mipangilio na kupandisha mwangaza mpaka mwisho.

Picha ikapauka. Weusi wote uligeuka majivu, na pale jikoni, nyuma ya friji, ambapo mwongozaji alikuwa amemficha muuaji ili aje kutushtua baadaye, tukamwona amesimama anasubiri zamu yake, masikini, amebana tumbo. Baba Neema akapiga kelele, "Yule pale!" Filamu yote iliharibika hapo hapo.

"Wapi?" akauliza Mzee wa Baraza. "Bado giza."

Nilimtazama Mama Kulwa, naye akatazama michembe yake. Chumba kile kilikuwa cheupe kwa mwanga wa kioo mpaka ningeweza kusoma maandishi ya kalenda ukutani. Mtu mzima ameshasema ni giza, na mkubwa aliyekuwa anatufundisha kuanza na mdogo ndiye aliyekuwa ameanza yeye. Sisi tukameza.

Baada ya hapo nilianza kuona mambo mengine. Chai aliyonimiminia ilipita kando ya kikombe, na alisema sufuria lina mdomo mbaya. Alimpa Baba Neema shikamoo mlangoni, halafu akacheka sana akasema alikuwa anamtania, na Baba Neema, ambaye ni mdogo kwake kwa miaka mingi, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Binti yake alipopiga simu kuuliza hali, Mzee wa Baraza alimwambia macho yake ni ya mwewe.

Kisha ikaja kesi ya mlinzi. Ilikuwa filamu ya tajiri aliyeuawa ofisini kwake, na kabla ya mauaji mtu mmoja mwenye koti la mlinzi anapita dirishani. Anageuka kidogo tu. Uso unaonekana, kovu shavuni, si mlinzi, ni shemeji wa marehemu aliyevaa koti la mlinzi. Tulimwona sote watatu. Nilipoulizwa nikasema shemeji. Mama Kulwa, shemeji. Baba Neema, shemeji, na ashtakiwe kwa wizi wa koti pia.

Mzee wa Baraza alisimama, kama alivyofanya kwenye kesi nzito. "Nyinyi mmeangalia chuki za familia," alisema. "Mimi nimeangalia dirisha. Ni mlinzi. Nimemwona kwa macho yangu."

Filamu ilipoisha na shemeji akapelekwa kwenye gari la polisi, Mzee wa Baraza alizima TV. Halafu akasema mwongozaji amewachezea watu. "Hata mimi nilidhani mlinzi," akasema Mama Kulwa haraka, yeye aliyekuwa ametoka kusema shemeji mbele yetu wote. Nilimpenda sana Mama Kulwa kwa uongo ule, na nilijua pia kwamba uongo wa namna hiyo ndio unaompofusha rafiki yetu. Huku kwetu kila mtu amewahi kusikia habari za mtoto wa jicho, na kila mtu anajua ugonjwa huo unatibika mtu akipelekwa hospitali mapema. Lakini nani amwambie? Ukimwambia mtu mzima haoni, umemwambia asikae tena kiti cha mbele. Na kwake yeye, ambaye maisha yake yote yalikuwa kuwauliza wengine waliona nini, niliogopa ingekuwa kumvua nguo sebuleni kwake.

Wiki nzima nilizunguka na jambo hilo, nikalibeba hadi kwenye harusi moja ya Buswelu ambako nilikosa kuirekodi keki. Jumamosi ikafika. Tuliingia, tukakaa, naye akashika rimoti. Nikasimama.

"Naomba ruhusa ya baraza kabla hatujaanza," nikasema. "Nina shahidi wa kesi iliyopita. Naomba kumhoji."

Alicheka. Alipenda sana mtu akitumia lugha ile. "Ruhusa imetolewa. Shahidi ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

Kicheko kikakoma, lakini aliweka rimoti chini na viganja juu ya magoti.

"Yule mtu wa dirishani, ulimwona?"

"Nilimwona."

"Mwanga ulikuwaje?"

"Hafifu."

"Kwako au kwa wote?"

"Hilo shahidi hawezi kulijibu. Waulize wenzangu." Sauti ilikuwa ya mahakamani, kavu. "Na aanze mdogo."

"Mimi niliona uso," nikasema. "Niliona kovu."

"Niliona uso, Mama," akasema Mama Kulwa, akilia tayari, na Kisukuma kikamtoka. "Nisamehe, mayu, niliuona."

Baba Neema alisafisha koo. "Mimi hata rangi ya vifungo niliona, Mama. Tangu yule wa nyuma ya friji, sisi tunaona."

"Umbali?" akauliza Mzee wa Baraza. Sasa alikuwa ananihoji yeye. "Umbali wenu na umbali wangu?"

"Wewe ndiye uliye karibu zaidi," nikamwambia.

Akanyoosha mkono mbele, polepole, na vidole vyake vikagusa kioo cha TV bila yeye kuinuka. Kiti chake kilikuwa kimesogea Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka magoti yake yanakaribia meza, na hakuna aliyetamka. Akaacha mkono wake pale kwenye kioo.

"Sikuongopa," akasema. "Nilimwona mlinzi. Nilimwona kabisa."

"Tunajua, Mama."

"Hapana, hamjui. Mahakamani nilizoea kutafuta muongo. Mtu akitetemeka, akijichanganya, nikasema huyu muongo. Aliyesimama imara akasema nimeona kwa macho yangu, huyo nilimwamini." Akashusha mkono kutoka kwenye kioo. "Na mimi juzi nilisimama imara."

Hatukutazama filamu siku ile. Tulishusha mablanketi, tukafungua madirisha, tukala michembe tukitafuna kwa kelele tulivyotaka. Alitulaumu kidogo, kisha akajilaumu zaidi, akisema aliyesema giza wa kwanza ni yeye, na sheria aliivunja yeye mwenyewe. Kisha akaniambia nimpigie binti yake, kwa sababu namba kwenye simu hazioni vizuri, na lilikuwa jambo la kwanza la aina hiyo kulisema kwa mdomo wake.

Binti alivuka na kivuko cha kwanza, akampeleka hospitali. Daktari, kwa maelezo ya binti, alihojiwa kuliko alivyowahi kuhojiwa maishani: atatumia taa gani, atakaa umbali gani, jicho litabaki wazi kwa muda gani. Mzee wa Baraza alikubali upasuaji wa jicho la kulia kwanza. "Tumpe dhamana huyu," alisema, "tukimwona anarudi, tutamtoa na mwenzake." Baadaye akahamia Kamanga kwa binti yake ili auguzwe, nyumba yake ikafungwa, na Jumamosi zetu zikafa. Tulijaribu nyumbani kwa Mama Kulwa. Watu walitafuna ovyo, ndege zilipita juu ya maneno, na muuaji alitajwa bila mtu kuulizwa maoni yake. Tukaacha.

Siku moja simu ikaita. "Wewe wa harusi. Ile kesi ya mlinzi unayo?"

"Ninayo kwenye flashi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ilete. Nataka kuirudia."

Nilivuka. Alinipokea sebuleni kwa binti yake, amevaa miwani, mnene kidogo, jicho la kushoto nalo likiwa limeshafanyiwa upasuaji. Kiti chake kilikuwa kimesukumwa hadi ukutani, mbali kabisa na TV. Nilitaka kupandisha mwangaza kwa mazoea yangu, akanizuia. "Mwachie giza lake. Amelitafuta mwenyewe." Tukatazama wawili. Lilipokuja dirisha, mtu mwenye koti akapita, akageuka kidogo, akapotea. Aligandisha picha, akarudisha nyuma, akatazama tena. Alivua miwani, akaivaa.

"Kovu lenyewe baya," alisema. Kisha akasimama, akashusha kitenge vizuri. "Mlinzi aachiwe huru. Baraza linamwomba radhi." Aliposema hayo hakucheka, na mimi nilisimama pia, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine. Alikuwa akifikiria watu ambao hawakuwa kwenye filamu, nadhani, na sikumuuliza.

Sasa anaishi huko huko ng'ambo. Jioni ile alinisindikiza hadi kivukoni, akanikabidhi mfuko wa sato wabichi kwa ajili ya Mama Kulwa na Baba Neema, akanisukuma nipande kabla gari la mwisho halijaingia. Tuliagana haraka. Nilipita kati ya magari, nikapata nafasi kwenye ukingo, watu wamejaa pande zote, na kivuko kikaanza kuondoka. Tulikuwa tumeshafika mbali, yeye ameshakuwa kitenge cha njano miongoni mwa vitenge vingine pale gatini, simu yangu ikaita.

"Uko upande wa kulia," alisema bila kunisalimu. "Nyuma yako kuna gari jeupe limebeba magodoro. Mfuko wa samaki umeuweka miguuni, utaibiwa. Mwanga ni jua la saa kumi na moja. Umbali unaongezeka. Mtu huyu tulikuwa tunafahamiana kabla ya leo."

Niliinua mfuko, nikaukumbatia.

"Na unalia," akasema.

"Silii, Mama. Ni upepo wa ziwa."

"Mshtakiwa anakana," alisema Mzee wa Baraza. "Lakini mimi nimekuona."